Mtunza Bustani wa Glenmurra

Treni ya jioni ilifika Glenmurra ikiwa imechelewa kidogo, na abiria wakaanza kushuka huku wakitafuta funguo za magari mifukoni. Honorine alishuka kutoka behewa la mbele, mfuko wa kompyuta begani. Aliponyanyua macho alimwona baba yake akishuka kutoka behewa la nyuma.

Mzee Masumbuko alifariki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwaka mmoja baada ya Honorine na mumewe kupanda ndege kuja Australia, na alizikwa huko huko. Jioni hii alikuwa amevaa koti la kaki alilozikwa nalo, na miguuni katambuga, vile viatu vya tairi. Alisubiri zamu yake kwenye nguzo ambapo abiria hugusisha kadi zao. Ilipofika zamu yake akagusisha kiganja, nguzo ikalia kama inavyolia kwa kila mtu, akapita.

"Honorine," akasema.

"Papa."

"Mnaishi mbali, mama."

"Ni karibu na mwisho wa reli. Mjini kumejaa."

"Nimeona. Nyumba ziliisha, nikaanza kuona farasi. Wamevaa makoti."

"Huku kuna baridi usiku."

"Mh," mzee akasema, akiwafikiria wale farasi.

Walikuwa wamefika kwenye maegesho ya magari. Shirleen, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa anapita na mbwa wake kama alivyofanya kila jioni. Alikuwa mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya bustani za kijiji, mama mwenye moyo mwema ambaye wiki ile waliyohamia aliwaletea keki ya ndimu. Alimsalimia Honorine, akamtazama mzee, akatazama koti, akatazama viatu, kisha akauliza kwa upole huyu ni nani.

Honorine hakuwa amepanga kusema lolote. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa Kiingereza safi cha ofisini, kwamba huyu ni mtu anayewasaidia bustani.

"Vizuri sana," Shirleen akasema. "Ule uwanja wenu ulihitaji mtu."

Mzee Masumbuko hakujua Kiingereza. Lakini aliona jinsi mwanawe alivyoonyesha kwa kidevu upande wa nyumba, na jinsi yule mama alivyoitazama mikono yake badala ya uso. Walipofika nyumbani hakuelekea mlangoni. Alizunguka nyuma, akafungua kibanda cha vifaa, akatoa jembe, akaanza kulima.

*

Glenmurra bado ni Sydney kwa wauza nyumba, ingawa ukisimama katikati ya kijiji mji huuoni wala huusikii. Kuna ukumbi, kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, duka moja linalouza maziwa na chakula cha kuku, na kando ya kila nyumba tangi kubwa la maji ya mvua. Alfajiri watu wazima karibu wote huondoka na treni kwenda kazini, na kutwa nzima kijiji hubaki na wastaafu, mbwa na kasuku weupe wanaopiga kelele juu ya miti. Jioni treni huwarudisha. Kwa hiyo watu wa Glenmurra hawaonani sana. Wanachoonyeshana ni bustani. Mtu akipita mbele ya nyumba yako hutazama waridi zako, na hapo hujua wewe ni mtu wa namna gani.

Honorine na mumewe Christian walihamia huko kutoka Mount Druitt, kitongoji cha Sydney cha watu maskini na wageni, baada ya Honorine kupandishwa cheo. Miaka mingi alikuwa ameogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee kule Parramatta. Sasa alikaa ofisini akipanga zamu za wanaowaogesha. Walitaka utulivu, na mahali ambapo binti yao Aksanti angelala bila kusikia ugomvi wa jirani ukutani. Walipata utulivu mwingi kuliko walivyotarajia.

Siku ya kwanza mtu aliwauliza wametoka wapi. Honorine akajibu kwamba nyumbani wanazungumza Kifaransa. Yule mtu akasema aliwahi kufika Brussels, mji mzuri, chokoleti nzuri. Honorine akasema kweli, chokoleti ni nzuri. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kusema uongo tena, maana kijiji kiliendelea chenyewe. Waliambiana kwamba ile familia ni ya Wabelgiji kwa namna fulani. Na siku moja, kwenye chai ya ukumbini, mtu alipofanya mzaha juu ya watu wa Mount Druitt, Honorine alicheka pamoja na wengine, na akaona anaweza kucheka vizuri kabisa.

Mama Kyakimwa, kiongozi wa wamama wa kanisa lao la zamani, alikuja mara moja na magari mawili ya watu, ngoma na masufuria, kuibariki nyumba mpya. Waliimba uwanjani kwa furaha kuanzia mchana. Jirani mmoja alikuja hadi uzioni na pai mkononi, akauliza kwa huruma nani amefariki. Tangu siku hiyo, kila wamama walipopiga simu kutaka kuja, Honorine aliwaambia kuna ukarabati. Ukarabati ukaendelea mwaka mzima. Mama Kyakimwa hakuuliza kinakarabatiwa nini.

*

Mzee alikuja tena kesho yake, na keshokutwa. Alifika na treni ya wafanyakazi, akalima hadi mwanga ulipokwisha, akaondoka na treni inayorudi mjini. Kondakta alimjua na alikuwa anamngojea afunge vifungo vya koti kabla ya kupuliza filimbi.

Udongo wa Glenmurra ni mfinyanzi mgumu. Watu huukodishia mashine. Jembe la mzee liliuingia kama linaingia ugali. Mahali alipokanyaga jioni, barafu ya asubuhi haikutua, na kwa hiyo nyayo za katambuga zilibaki za kijani katika majani meupe, kutoka kibandani hadi kwenye uzio. Waridi alizogusa zilichanua katikati ya baridi. Kulikuwa na tatizo moja tu. Popote alipolima, lenga-lenga, yaani mchicha, iliota yenyewe, bila mbegu, na matembele, na kisamvu kilichofika kiunoni kwa siku mbili. Hapakuwa na mtu katika Glenmurra aliyetaka lenga-lenga. Kwa hiyo kila jioni kazi ya kwanza ya mzee ilikuwa kung'oa kilichoota kutoka kwenye mikono yake mwenyewe, na kukitupa katika pipa la kijani linalochukuliwa na gari la halmashauri. Baada ya hapo ndipo aliposhughulikia waridi.

Treni ikishaondoka, Honorine alikuwa anatoka na beseni, anafungua lile pipa, anachagua majani mabichi. Aliyapika kwa mawese madirisha yakiwa yamefungwa. Hakuwahi kula lenga-lenga tamu hivyo tangu alipokuwa mtoto. Alikula amesimama.

Christian alimkuta mzee jioni ya pili, akitoka kazini ghalani. Alivua kofia, akainama, akashika mkono wa baba mkwe wake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Papa, habari za huko?"

"Kumetulia. Habari za kazi?"

"Ni masanduku tu, papa. Yanakuja, tunayapanga, yanakwenda."

Honorine alimwita mumewe jikoni, akamwambia kwamba nje, upande wa barabara, asimwite papa.

"Nimwiteje?" Christian akauliza.

"Usimwite."

Christian alikuwa mtu wa amani, tena mchovu. Kuanzia siku hiyo alimwamkia mzee nyuma ya kibanda tu, kwa sauti ya chini.

Jioni moja Honorine alisimama kwenye mlango wa nyuma, kikombe cha chai mkononi. "Papa, ingia ndani. Nyumba ni yako."

"Viatu vina udongo."

"Utavua."

"Acha kwanza nimalize," mzee akasema. Hakusema kwa uchungu wala kwa kumchoma. Alisema kama mtu aliyekuwa na kazi mkononi. Akanywea chai pale kizingitini, akarudisha kikombe kikiwa kimejaa kama kilivyokuja, kwa kuwa wafu hufurahia chai lakini hawaipunguzi. Na kila alipoambiwa aingie alisema hivyo hivyo, kwanza amalize.

*

Baada ya majuma machache Shirleen alikuja kuuliza kama wangeweza kumwazima yule mtu wao, kwa waridi zake tu, kwa kuwa zilikuwa zinamtia aibu. Mzee alikuwa karibu, anafunga mzabibu. Shirleen akamgeukia, akamuuliza jina kwa sauti kubwa na ya polepole.

Honorine alitupa jicho getini. Katika sanduku la barua pale getini jina lake lilikuwa limeandikwa lote, Honorine Masumbuko, kwa rangi nyeupe, maana kwao mwanamke huzeeka na jina la baba yake. Shirleen alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo.

Swali lile mzee alilielewa. Hata kambini wazungu walikuwa wanaanza nalo. Akatazama sanduku la barua, akamtazama mwanawe.

"Sam," akasema.

"Sam!" Shirleen akafurahi. "Hilo nitalikumbuka."

Alipoondoka, Honorine alibaki ameshika uzio. "Papa, haikuwa lazima useme hivyo."

"Ni jina fupi," mzee akasema. "Hawatapata shida nalo." Akarudi kwenye mzabibu.

Jioni ile Honorine alioga mara mbili na hakujisikia amekuwa msafi.

Hivyo Sam akawa mtu wa Glenmurra yote. Jumatatu alikuwa kwa Shirleen, Jumanne kwa watu wa duka, siku nyingine ukumbini. Walimpa kofia ya majani na glavu ambazo hakuzivaa. Waliposhuka kwenye treni pamoja naye walimpungia, na ndani ya treni baadhi yao walimwachia nafasi ya kukaa. Walimwambia Honorine kwamba ana bahati, watu wa namna ile hawapatikani siku hizi. Kijiji kizima kilinukia waridi mwezi ambao kwa kawaida kilinukia moshi wa kuni. Kila pipa la kijani lilijaa lenga-lenga, na Honorine hakuweza kuyafungua ya majirani.

Aksanti alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa Australia, naye alimjua babu yake kwa picha moja tu, iliyokuwa sebuleni Mount Druitt na ambayo huku ilikuwa bado haijatolewa kwenye boksi. Kiswahili alikisikia chote na alijibu kwa Kiingereza. Alimuuliza mama yake, kwa Kiingereza, kwa nini babu haingii ndani.

"Anamaliza kazi," Honorine akasema.

Aksanti akasema kazi ile haina mwisho, ni bustani. Honorine akamwambia aende akasome.

*

Majira ya kuchipua yalipoanza, kamati ya Shirleen iliandaa siku ya kufungua bustani kwa wageni. Watu walikuja kutoka mbali, hata kutoka upande wa pili wa Sydney, na jioni wote walikusanyika ukumbini kwa chai na vimikate vya jemu na krimu. Shirleen alisimama akahutubia. Akasema mwaka huu sifa zote ni za mtu mmoja, na wengi wenu mnajua ni nani. Watu wakapiga makofi. Sam alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, koti limefungwa hadi juu.

Shirleen akamwomba aje mbele aseme maneno machache kwa lugha yake mwenyewe. Kisha akatafuta kwa macho. "Honorine, mpenzi, wewe kazini unafanya kazi na watu wengi wa kutoka huko. Si unaielewa kidogo lugha yao?"

"Kidogo," Honorine akasema.

Akaenda mbele, akasimama karibu na baba yake. Bega lake lilifika kwenye sikio la mzee; zamani lilifika kwenye mkanda. Koti lilinuka vumbi la Nyarugusu baada ya mvua.

Mzee Masumbuko akawaamkia watu wote, akakohoa kidogo, akasema:

"Mimi ni baba wa huyu. Alizaliwa kwetu Fizi, wakati wa mihogo. Kabla yake tulizika wengine, yeye akakaa. Vita ilipotukuta nilimbeba mgongoni mpaka ziwani, kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Njia nzima aliniuliza, papa, umechoka? Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli, sikuchoka. Alipopanda basi la kwenda kwenye ndege nilisimama uzioni mpaka vumbi likatulia, nikasema, huyu amefika. Nimekuja tu kuona mahali anapolala. Nimeona. Bati ni zuri, maji yapo. Ni mtoto mwenye haya nyingi, tangu mdogo. Mumwangalie. Asanteni."

Nyuso zote zilimgeukia Honorine, nyuso njema, zenye krimu kidogo midomoni.

"Anasema asanteni," Honorine akasema. "Anasema udongo wa hapa ni mzuri."

Mwanamume mmoja wa zimamoto akasema kwa mzaha kwamba maneno yalikuwa mengi na tafsiri fupi.

"Lugha yao inazunguka," Honorine akasema.

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mzee Masumbuko aliwatazama wakicheka, na yeye akatabasamu, akiinamisha kichwa huku na huku, kwa sababu alidhani wamefurahia aliyowaambia juu ya mwanawe. Akamgusa Honorine mgongoni kwa kiganja, polepole, akarudi kusimama mlangoni.

Walirudi kwa gari, Christian akiendesha. Walipofika getini Aksanti hakushuka.

"Nilielewa yote," akasema. Alisema kwa Kiswahili. Lafudhi ilikuwa ya Kiingereza, lakini maneno yalikuwa kamili, na mama yake alikuwa hajamsikia akisema Kiswahili tangu alipoanza shule. Kisha akashuka, akaingia ndani. Christian alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Waambie," akasema.

"Nitawaambia."

"Mimi nimekosa pia. Lakini wewe ndiye unaongea nao."

*

Jumatatu Honorine hakwenda kazini. Alikwenda kwa Shirleen kabla treni ya jioni haijafika, akamkuta anakata maua ya kuweka ndani. Alikataa chai. Alikuwa amejiandaa usiku wote, akipanga sentensi kama anavyopanga zamu, na alipofungua mdomo alikuta zimebaki mbili tu.

"Yule si mtunza bustani," akasema. "Sam ni baba yangu."

Shirleen akaweka mkasi chini. Macho yake yakalowa. Akamshika Honorine mikono yote miwili.

"Oh, mpenzi," akasema. "Kwetu sote ni kama baba."

"Hapana, Shirleen. Ni baba yangu aliyenizaa. Jina lake ni Masumbuko. Alikufa kambini. Na mimi nilikuwa kambini, sikutoka Brussels."

"Tunajua kwamba amekufa, mpenzi. Kamati ilizungumza na mtu wa bima mwanzoni kabisa. Akasema kwa hali ile hakuna shida, hawezi kuumia kazini." Akaibana zaidi ile mikono. "Ni vizuri sana unavyojisikia hivyo juu yake. Si kila mtu anawaona wafanyakazi wake kama familia."

Honorine alifungua mdomo tena. Alitazama ule uso mwekundu, mwema, uliokuwa ukimngoja, na akaona kwamba ungengoja hivyo hivyo hata akirudia mara mia. Aliona pia jambo lingine, na hilo ndilo aliloondoka nalo: ndani ya kifua chake, chini kabisa ya aibu, kulikuwa na kitu kilichotulia. Alikuwa amesema, na hakuna kilichobadilika. Hakuna aliyemtazama viatu. Alimshukuru Shirleen, na Shirleen akampa maua.

Treni ilifika. Baba yake alishuka pamoja na watu waliotoka kazini Parramatta, akagusisha kiganja kwenye nguzo, akamkuta mwanawe anamngoja chini ya taa na maua mikononi. Abiria waliwapita wakiwapungia. Yule wa zimamoto alisema, "Jioni njema, Sam."

"Papa," Honorine akasema, "nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe ni baba yangu."

Mzee akavua kofia ya majani. Akaitazama ndani, akaivaa tena vizuri zaidi. Honorine hakuwahi kumwona akirekebisha nguo yake hivyo isipokuwa siku za kwenda kanisani.

"Wakasemaje?"

Taa za kituo zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya reli farasi walikuwa wamevishwa makoti yao na walisimama wakitazama huku.

"Wanasema karibu," Honorine akasema.

"Ni watu wazuri," mzee akasema. Kisha akakunja mikono ya koti, mmoja baada ya mwingine, akauliza leo aanze kwa nani.

Honorine akamwambia aanze kwa Shirleen.